Deikea ya Bombolulu: mimi naipima kwa peislipi

Nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeitoa kwa sababu ya saa ya kufunga, hilo ntalifikia. Jina silitaji, mwenyewe kaniomba nisilitaje manake ana orodha ndefu ya wanaosubiri nafasi na simu zishamchosha, lakini wa Bombolulu hapa Mombasa mtaijua tu, ni ile nyumba ya chini yenye mwembe uani, ukiingia ndani kidogo kutoka barabara ya Malindi.

Sasa watu wengi wakisifu deikea wanasifu bembea, ukuta umechorwa katuni, uji gani wanapewa, picha za siku ya wazazi. Sawa, hayo nayo ntayasema. Lakini mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuipimia deikea ntachukua peislipi, ile karatasi ya mshahara, ya mama miaka mitano baada ya kuzaa, niiweke ubavuni mwa ile ya baba, nitizame. Manake hicho ndo unachonunua pale. Mtoto inshallah atakua, hata kwa nyanya yake angekua. Kazi yako haitakungoja ukue nayo.

Haya, mahali penyewe. Vyumba vitatu, wachanga peke yao, wanaotambaa na kutembea peke yao, na wale wanaokaribia kwenda PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wana vijimeza vyao. Feni zinafanya kazi na stima ikipotea kuna betri ya kuendesha feni ya chumba cha wachanga, hilo kwangu ni kubwa kuliko katuni zote za ukutani, joto la Februari na Machi mnalijua, mtoto asipopepewa anatoka vipele mwili mzima. Tangi la maji kubwa lipo. Chakula ni uji wa wimbi asubuhi, matunda saa nne, mchana wali na kunde au ndengu au mbaazi, samaki siku wakipata, Ijumaa kipilau kisicho na pilipili. Wangu nyumbani hali kitu, anazungusha sahani tu, pale anamaliza na kuomba tena, sijui wanamsomea nini. Vitu vya kuchezea ni vichache na vingi vishachakaa, sitawadanganya. Yule mama wa chumba cha wachanga ndo roho ya nyumba ile, mtoto awe analia vipi akibebwa na yeye kimya.

Bei. Elfu nane kwa mwezi, usajili elfu mbili unalipa mara moja, ukichelewa kumchukua ni mia mbili kwa kila nusu saa. Pampasi unaleta mwenyewe. M-Pesa kabla ya tarehe tano. Kuna za chini ya hapo, kuna kina mama mitaani wanashika mtoto kwa mia au mia na hamsini kwa siku, na kuna zile za Nyali ndani ndani ambazo ukiambiwa bei unaitikia kwa adabu unarudi kwako.

Na hapo kwenye elfu nane ndo mazungumzo ya kila nyumba huanzia. Chukua mama wa mshahara wa 32,000 kabla ya makato. Toa deikea 8,000, toa tuktuk ya kuzungukia kumshusha mtoto kama 2,500 hivi, pampasi usizihesabu manake ungenunua hata ukikaa nyumbani, umebaki na 21,500 na KRA, mtu wa kodi, bado hajachukua chake. Mavyaa anakutizama, anakwambia mwanangu si ukae tu ulee, unahangaikia nini. Na jirani naye. Na siku nyingine hata wewe mwenyewe ukiwa umechoka unaona ni kweli.

Mimi hesabu ile ina vitu viwili vinaniudhi. Cha kwanza, nani kasema deikea inatoka kwenye mshahara wa mama? Mtoto ana baba, baba ana mshahara, mbona hakuna anayekaa akasema hivi baada ya kulipa deikea mshahara wa baba umebaki ngapi, yafaa kweli aendelee na kazi? Nilipomuuliza mume wangu alicheka halafu akanyamaza, na tangu hapo 4,000 inatoka kwake 4,000 kwangu, na kuiona tu imeandikwa hivo kwenye daftari la nyumba imebadilisha mazungumzo yote.

Cha pili, ile hesabu ni ya mwezi mmoja tu na kazi si ya mwezi mmoja. Nilikaa na simu nikapiga hesabu siku nzima ya Jumapili. Wawe makarani wawili, wote 32,000, na tuseme mwajiri anaongeza asilimia 5 kila mwaka, huu ni mfano tu, najua wengine hamjaongezwa hata mia tangu mwingie. Aliyebaki kazini baada ya miaka minne yuko karibu na 38,900. Mwenziwe aliyekaa nyumbani mpaka mtoto aingie PP1 anarudi anaanza na 32,000 ile ile, na hiyo ni bahati, wengi wanarudi kwa chini yake au wanarudi wakakuta nafasi ishakaliwa. Pengo ni kama 6,900 kwa mwezi. Sasa wapande wote kwa asilimia 5 ile ile miaka kumi mbele. Ungedhani litaziba. Halizibi, linavuka 11,000 kila mwezi, na wakati huo mtoto yuko junia sekondari, hataki hata kuonekana na mamake sokoni.

Alafu kuna NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, ambayo hakuna mtu huitaja. Asilimia 6 yako, asilimia 6 ya mwajiri, kwa 32,000 hiyo ni 3,840 kila mwezi. Miaka minne ni 184,320 ambazo hazikuingia, bado hujaweka riba. Ni pesa za uzee wako zile, na wanawake ndo huishi miaka mingi zaidi, kwa hivyo anayezihitaji zaidi ndo anayezikosa. Najua mtu atanijibu deikea ya miaka minne ni 384,000, ndio, ni pesa nyingi, sikatai, mimi mwenyewe nazitoa. Lakini mshahara wa miaka hiyo minne hata usipoongezwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na nusu.

Haya mambo si ya Mombasa tu wala si ya kina mama wavivu kama wanavyosema wengine. Claudia Goldin, profesa wa Harvard, alipata Nobel ya uchumi mwaka 2023, mwanamke wa kwanza kuipata hiyo ya uchumi bila kugawana na mtu, na kazi yake kubwa ndo hii hii. Yeye na wenzake wawili, Marianne Bertrand na Lawrence Katz, mwaka 2010 walitoa utafiti wa waliosomea biashara Chuo Kikuu cha Chicago. Wakitoka chuo wanawake wanaanza na wastani wa dola 115,000 kwa mwaka na wanaume 130,000, yaani wanakaribiana. Miaka tisa baadaye wanawake 250,000, wanaume 400,000. Watu darasa moja, digrii moja. Sehemu kubwa ya pengo ilitokana na saa za kazi na kukatiza kazi, na vyote viwili vinafuata watoto. Denmark nako wachumi walifuata wazazi miaka na miaka, wakatoa matokeo 2019, kabla ya mtoto wa kwanza kipato cha mume na mke kinakwenda sambamba, mtoto akizaliwa cha mama kinaporomoka na hata baada ya miaka mingi kinabaki chini kwa kama asilimia 20. Cha baba hakitikisiki. Na Denmark mnajua deikea zao zinalipiwa sehemu kubwa na serikali. Kwa hivyo anayenambia dawa ni deikea peke yake, hapana, deikea ni lazima lakini haitoshi.

Na ndo nafika kwenye ile nyota niliyoitoa.

Wanafunga saa kumi na moja na nusu jioni. Mimi niko kwenye kliaring, kuwatolea watu mizigo bandarini, ofisi ndogo mjini, natoka saa kumi na moja. Kutoka mjini mpaka Bombolulu unavuka daraja la Nyali, unapita Kongowea, na jioni pale matatu inatambaa tu huku makanga anakwambia songa ndani. Nusu saa haitoshi. Mia mbili ya kuchelewa si tatizo, nishaizoea, ni kama kodi. Tatizo liko ofisini. Kazi yetu meli haijui saa kumi na moja, ikifunga gati usiku mteja anataka hati ziwe tayari, anataka kontena lake litoke kabla siku za bure kuisha manake zikiisha ni storeji ya bandari na demareji ya wenye meli, yaani malipo ya kuchelewesha kontena, vyote kwa dola, kila siku inayopita. Sasa faili kubwa apewe nani? Atapewa yule anayepokea simu saa mbili usiku na kusema nakuja. Hana akili kunishinda na anayejua mambo ya forodha zaidi ni mimi, waulize, lakini yeye anapatikana. Faili kubwa ndo lenye komisheni, na mwaka ukiisha bosi akitafuta wa kupandisha cheo anamuangalia mwenye mafaili makubwa. Hakuna aliyekuonea, hakuna aliyekutukana, unajikuta tu miaka mitatu uko meza ile ile. Huyu Goldin ndo anasema hivyo pia, kwamba kazi nyingi zinamlipa zaidi sana anayeweza kuitwa saa yoyote, na kwenye nyumba yenye mtoto hawawezi wote wawili kuwa wa saa yoyote, mmoja lazima awe wa kuitwa na deikea, na mnamjua ni nani.

Nilimwendea mwenye deikea nikamwambia Bi Mkubwa, tuongezee mpaka saa moja usiku, tutalipa. Akaniuliza swali sikuwa na jibu lake, akanambia na hawa walezi wangu wakae hapa mpaka saa moja, watoto wao wachukuliwe na nani? Manake walezi nao ni kina mama. Mmoja mwanawe yuko pale pale chumba cha pili, halipi, ndo sehemu ya mshahara wake. Kwa hivyo mimi nikipanda cheo napandia mgongo wa mama mwingine anayelipwa kidogo kuliko mimi, na hilo nalo tuliseme. Tulichofikia ni hivi, wazazi wakifika wanne wanaotaka, ataweka mlezi wa zamu ya jioni kwa 1,500 zaidi kwa mwezi na ile pesa yote iende kwake yule mlezi. Sai tuko watatu. Anayetaka kuwa wa nne aende akamwambie.

Kitu kingine kiniudhicho, simu. Fomu ya kujiandikisha ina namba mbili, ya baba iko juu, niliiweka juu makusudi. Mtoto akipata homa simu inakuja kwangu. Akikosa pampasi, kwangu. Akidondoka akachubuka goti, kwangu, nimo katikati ya entri ya mteja, ile fomu ya forodha, ambayo namba moja ikikosewa ni faini. Mume wangu ni fundi wa mashine bandarini, anafanya shifti, kuna mchana mwingi yuko nyumbani Kisauni kalala, dakika kumi kwa boda yuko mlangoni kwao. Nikawauliza mbona hamumpigii, ticha akasema tuliona baba tusimsumbue. Wallahi hakuwa na ubaya, ndo mazoea. Nikamwendea tena Bi Mkubwa, na hapa ndo namsifu, alichukua kalamu akaandika kwenye fomu kwa wino mwekundu ANZA NA BABA, na siku hizi wanaanza na baba. Mara ya kwanza walipompigia alidhani mtoto amefariki, masikini, alivyokimbia. Sasa kazoea, na ticha mwenyewe kanambia kina baba wanaokuja kuwachukua watoto wameongezeka, wengine wanabishana mpira pale getini.

Kwa nini naliona hili kubwa? Kwa sababu bosi anahesabu. Hasemi lakini anahesabu, fulani katoka mapema tena, fulani mtoto anaumwa tena. Marekani kuna utafiti wa mwaka 2007 ambapo walituma maombi ya kazi ya watu wa kubuni wenye sifa sawasawa, tofauti tu mmoja anaonekana ana watoto mwingine hana. Wanawake wasio na watoto waliitwa mara mbili ya wenye watoto. Wanaume wenye watoto hawakupunguziwa kitu. Baba akiwa na picha ya mtoto mezani ni mtu mzima mwenye majukumu, mama akiwa na picha ile ile ni mtu atakayeomba ruhusa.

Sheria yetu si mbaya kwenye karatasi, sheria ya ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili kwa mama na wiki mbili kwa baba, na unarudi kwenye kazi yako ile ile au inayolingana nayo kwa masharti yasiyo duni. Sheria ya afya ya 2017 inataka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Ofisi yetu chumba ni ile stoo ya faili. Lakini tizama hapo penyewe, miezi mitatu kwa wiki mbili, sheria yenyewe ishaamua nani atakuwa mtu wa kupigiwa simu.

Mtaniuliza kwa nini nisiweke dada wa kazi. Tulikuwa naye, binti mzuri, akaolewa akenda zake Kaloleni, namtakia heri. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Mombasa kiliwekwa Novemba 2024 kuwa 16,113.75 kwa mwezi, kisheria, na wengi wetu tunajua tunalipa nusu ya hiyo tukajifanya hatujasikia. Ukitaka kulipa inavyotakiwa, deikea ni nusu bei. Mwenye watoto watatu hesabu yake ni nyingine, huyo dada wa kazi atamfaa. Na kumpelekea nyanya mtoto ni vizuri kama nyanya mwenyewe hana biashara yake, mavyaa wangu anauza leso, akishika mtoto biashara inalala, kwa hivyo hapo tumehamisha tu hasara kutoka kwangu hadi kwake.

Ambaye hesabu hii inamuuma kweli ni yule dada wa mahamri na mbaazi pale steji. Yeye hana likizo ya uzazi, NSSF hajawahi kuisikia, alijifungua akarudi na mtoto kamuweka kwenye beseni kando ya jiko, mafuta yanachemka pale. Anauza nusu ya alivyokuwa akiuza manake mkono mmoja uko kwa mtoto. Kwake elfu nane ni ndoto. Nairobi, mtaa wa Korogocho, watafiti waliwapa kina mama kama hawa vocha za deikea, wengine hawakupewa ili walinganishe, matokeo yakatoka 2019, waliopewa walikuwa na nafasi ya kuwa kazini zaidi kwa pointi 8.5 za asilimia. Na kina mama walio peke yao, wasio na mume, walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka, manake waliweza kuhamia vibarua vya saa za kueleweka. Na zilikuwa deikea za mtaani tu, hata feni sijui kama zilikuwa nazo. Pale pembeni ya Kongowea kina mama wangapi wanauza na mtoto mgongoni, kaunti ikiweka deikea moja pale sokoni ya bei ya mia moja, mimi naweza kumpigia kura mtu kwa hilo tu.

Tukirudi kwa hii ya Bombolulu, kama wewe na mumeo kazi zenu zinaisha saa kumi, nyota tano, nenda bila kufikiria. Kama uko hotelini na shifti za usiku haitakufaa, tafuta mtu wa nyumbani. Kama uko kama mimi, nenda lakini kwanza mkae na baba mtoto mgawane siku za kuchukua, sisi wiki ambayo shifti yake ni ya asubuhi anachukua yeye siku zote tano na mimi nabaki ofisini mpaka faili liishe, na mwaka huu nimepewa mteja wa magari kutoka Japan, wa kwanza mkubwa tangu nizae.

Nafasi za Januari huanza kujaa Novemba. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, na usiende kukagua asubuhi, asubuhi kila deikea ni safi, nenda saa kumi jioni uone watoto wamebadilishwa ama la. Ramadhani wanafunga saa kumi kamili, mpange mapema. Desemba wanafunga wiki mbili, ada wanachukua nusu.